Kinanda kimoja, kazi ya watu watatu: linda masikio na mikono ya kijana wako

TABORA. Mpiga besi amehamia Dar es Salaam kutafuta maisha, mpiga gitaa yuko kwenye mitihani, na Jumapili kwaya inatakiwa kuimba. Anayebaki ni kijana wa kinanda. Hali hii si ngeni kwa familia zenye watoto wanaopiga muziki, iwe Isevya, Kanyenye au Ng'ambo.

Huu ndio mji wa Kiko Kids na Tabora Jazz, bendi za magitaa ambazo kila chombo kilikuwa na mtu wake. Siku hizi kijana mmoja anaweza kupiga besi kwa mkono wa kushoto na ogani kwa mkono wa kulia, kwenye kinanda hicho hicho. Mzazi aliye uani anaweza kudhani wamekuja wapigaji wawili.

Siri yake ni kugawa kinanda katika kanda.

Kanda ni nini?

Mfumo wa MIDI, unaotumika tangu mwaka 1983, hausafirishi sauti. Unasafirisha maelekezo: kitufe gani kimebonyezwa, na kwa nguvu kiasi gani. Kila kitufe kina namba yake, na C ya kati ni namba 60. Maelekezo hayo hupita katika chaneli 16, na kila chaneli inaweza kupewa chombo chake.

Kinanda cha vitufe 61 kwa kawaida huanzia namba 36 hadi 96. Kijana akikata kwenye namba 54, vitufe 18 vya kushoto vinakuwa besi kwenye chaneli ya kwanza, na 43 vya kulia vinakuwa ogani kwenye chaneli ya pili. Besi ikisikika nyembamba, kanda ya kushoto iteremshwe oktava moja. Kama anatumia kanyagio la kurefusha sauti, alizime upande wa besi, la sivyo sauti nzito zitarundikana na kuwafunika waimbaji.

Kwa wenye watoto wawili na kinanda kimoja, mgawanyo huu unapunguza ugomvi pia. Kanda ya kushoto ikipandishwa na ya kulia ikiteremshwa, kila mtoto anapata C ya kati yake, na mzazi anaweza kukaa pembeni ya mtoto na kumfundisha bila kunyang'anyana vitufe. Baadhi ya vinanda vina mpangilio huo tayari.

Masikio hayaoti tena

Ili kutowasumbua majirani, vijana wengi hufanya mazoezi wakiwa wamevaa hedifoni. Besi inapokuwa hafifu, wanaongeza sauti yote. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 80. Kwa watoto, kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, kwa hiyo ikifika desibeli 90 mtu mzima hubakiwa na takriban saa nne tu kwa wiki nzima. Chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa, hazioti tena.

Tiba ya besi hafifu si kuongeza sauti yote. Kila kanda ina kiwango chake cha sauti: punguza ogani, na besi itasikika. Kijana akilalamika mlio masikioni baada ya mazoezi, au akianza kuuliza "umesemaje?" mara kwa mara, apelekwe kupimwa.

Mikono nayo huchoka

Mpigaji wa kanda mbili hana mkono unaopumzika. Kiti kiwe na kimo kinachoweka viwiko sawa na vitufe, viganja visipinde, na mabega yashuke. Kila baada ya nusu saa anyanyuke na kunyoosha vidole. Ganzi au maumivu yanayoendelea hadi usiku si ya kuvumilia kwa sababu "Jumapili imekaribia". Ni ya kumwona daktari.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapa Unyanyembe kati ya Bagamoyo na Ujiji walibeba takriban kilo 30 kila mmoja. Shehena ilipokuwa kubwa, iliongezwa idadi ya watu. Kwaya nazo zikumbuke hilo, zimfundishe kijana wa pili kupiga, ili wapokezane.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa aliyekaa kwenye benchi, kazi ya mpiga kinanda huonekana nyepesi. Mzazi ndiye wa kwanza kumuuliza, wakirudi nyumbani, kama mikono inauma.