Kompyuta ya zamani inaposahau tarehe
Upo Kawe, umeme umekatika, umerudi. Unawasha kompyuta yako ya mezani ya zamani, inakwambia ni mwaka 2009! Unafungua tovuti, inagoma: eti muunganisho si salama. Usilaumu bando, wala usiiuze kwa bei ya kutupa.

Ndani yake, kwenye mazabodi, kuna betri ya duara kama sarafu, kwa kawaida CR2032 ya volti 3. Hiyo ndiyo inayoendesha saa umeme usipokuwepo. Ikiisha, kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma. Sasa, tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta iliyoko 2009, cheti cha leo bado hakijaanza, kwa hiyo inakikataa.

Dawa ni rahisi: zima, chomoa waya wa umeme, weka betri mpya, upande wa + ukitazama juu kama ulivyokuta ya zamani, kisha rekebisha tarehe.

Ile iliyoisha usiiache mezani. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2 tu. Ikitokea, mkimbize hospitali papo hapo.