Redio kaseti ya zamani: namna ya kuichagua Buguruni na Kariakoo

Redio kaseti kubwa, yenye spika mbili, mkono wa kubebea na mlango wa kaseti katikati, asili yake ni kaseti ndogo ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha Berlin mwaka 1963. Miaka mitatu baadaye Philips iliunganisha redio na kinasa sauti katika sanduku moja, msikilizaji akaweza kurekodi kilichoko hewani bila kusogeza maikrofoni mbele ya spika. Waliokikuza chombo hicho hasa ni Wajapani: Sony, National Panasonic, Sanyo, Hitachi, Sharp, JVC, Toshiba na Aiwa. Tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 walishindana kwa ukubwa, kwa mng'ao na kwa wingi wa vitufe. JVC RC-M90 ya mwaka 1981 ndiyo iliyopamba jalada la albamu ya mwanarap LL Cool J iitwayo Radio, ya mwaka 1985. Sharp GF-777 ina spika sita, inatumia betri kubwa 10, na uzito wake unapita kilo 10.

Redio za daraja hilo sasa zinawindwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na bei zake zimepaa. Mnunuzi wa Dar es Salaam hana haja ya kuzikimbilia. Sura anayoitafuta, yaani mishale ya kupimia sauti inayochezacheza, vitufe vizito vya chuma na wavu wa spika uliokolea rangi ya fedha, imo pia katika matoleo ya wastani ambayo viwanda vilevile vilitoa kwa wingi, na hayo ndiyo yaliyofika Afrika Mashariki.

Yalifika kwa njia nyingi. Mabaharia waliyarudisha bandarini, na ndugu waliokuwa Omani na Dubai waliyatuma nyumbani. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, baada ya miaka ya uhaba, na shehena zikaongezeka. Tanzania Bara ilikuwa haijapata televisheni hadi mwaka 1994, hivyo redio kaseti ndiyo iliyokaa mahali pa heshima sebuleni, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa Barabara ya Pugu, si mbali na Buguruni, ilirekodi bendi kama Mlimani Park na Juwata Jazz studioni kwake, na wapenzi wa dansi walizinasa nyimbo hizo nyumbani zilipopigwa hewani. Zikafuata kanda za taarab, kaswida na mahubiri, na mwaka 1991 Saleh Jabir akatoa kanda ya rap kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo redio hizi hazijaisha mjini. Zimo ndani ya nyumba za watu, nyingine zimenyamaza kwa miaka, zikisubiri siku ya kuhama au ya kugawana mirathi.

Siku hiyo ikifika, nyingi hupita Buguruni. Mahali hapa, ambapo Barabara ya Uhuru inakutana na Barabara ya Mandela, pana wanunuzi wa chakavu wanaopima kwa kilo, wasukuma mikokoteni wanaozunguka mitaani, na mafundi redio wenye vibanda vya mbao vilivyojaa makasha yaliyofunguliwa. Rafu ya fundi ndiyo ya kuanzia. Huwa na redio zilizoletwa kutengenezwa na wenyewe hawakurudi, na fundi anajua kila moja inaumwa nini. Kwenye lundo la chakavu bei ni ndogo zaidi, lakini hapo redio huwa imeshakatwa waya au kung'olewa transfoma kwa ajili ya shaba. Karume, soko la mitumba lililoungua Januari 2022, nako hupatikana vifaa vilivyotumika. Kariakoo kwenyewe hufaa zaidi kwa vipuri: mikanda ya mpira, spika, waya, eriali na transfoma za kushusha umeme.

Kanuni moja huokoa fedha nyingi: ununuliwe mwili, ndani pataponywa. Spika iliyochanika, mkanda uliolegea, waya uliokatika na kitufe cha sauti kinachokwaruza ni kazi ya kawaida ya fundi wa Buguruni. Mlango wa kaseti uliovunjika, kioo cha namba kilichopasuka au gia ya plastiki iliyokatika meno havipatikani dukani. Dawa yake ni kuivunja redio nyingine ya toleo lilelile, na kuipata hiyo nyingine si rahisi. Redio iliyokufa lakini uso wake umekamilika ni bora kuliko inayoimba huku imekatwakatwa.

Kabla ya kuichomeka, igeuzwe nyuma isomwe kibandiko. Redio iliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe huandikwa volti 100, na umeme wa Tanzania ni volti 230. Ikichomekwa moja kwa moja, transfoma yake huungua mara moja. Iliyotoka Marekani huandikwa volti 120, na hatari ni ileile. Matoleo ya kuuzwa nje mara nyingi yana swichi ndogo ya kuchagua volti, na hiyo huwekwa 220 au 240 kabla ya jambo lolote. Redio ya volti 100 si ya kutupa, lakini gharama ya transfoma ya kushusha umeme lazima ihesabiwe ndani ya bei. Wauzaji wachache hulitaja hilo bila kuulizwa.

Redio ya Japani ina kasoro ya pili, nayo huwashangaza wengi. Kwa miaka mingi FM ya Japani ilianzia 76 na kuishia 90, wakati ya Tanzania inaanzia 87.5 hadi 108. Redio ya namna hiyo itaishika Wasafi FM katika 88.9, lakini EFM katika 93.7 haitasikika kabisa. Fundi mzuri anaweza kuirekebisha koili ili masafa yapande, ila baada ya hapo namba za kwenye kioo hazitasema kweli. Kama mnunuzi anataka kaseti tu, kasoro hii ni sababu nzuri ya kushushia bei. Kama anataka kusikiliza mpira na vipindi vya asubuhi, aiache.

Sehemu ya kaseti ndiyo inayotaka uvumilivu. Mnunuzi afike na kaseti yake, isiyo ya thamani, yenye muziki wa sauti ndefu. Taarab yenye fidla hufaa sana, kwa kuwa fidla huanika kila kuyumba kwa mwendo, wakati ngoma na gitaa la dansi huweza kuficha kuyumba huko. Utepe wa kaseti unatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde bila kubadilika. Sauti ikipanda na kushuka, mkanda wa mpira umechoka au kigurudumu cha mpira kinachobana utepe kimekuwa kigumu. Mota ikisikika inazunguka na kaseti haisogei, mkanda umekatika au umeyeyuka. Joto la Pwani hugeuza mpira wa kale kuwa kama lami, na fundi hulazimika kuukwangua wote kabla ya kufunga mpya. Hayo yote yanatengenezeka. Sauti iliyofifia, kama inatoka chini ya mto, huenda ni kichwa kichafu tu. Kipanguswe kwa pamba yenye spirit kisha kisikilizwe tena. Kikionekana kimechimbika mfereji mahali utepe unapopita, basi kimekwisha, na bei ishuke sana. Redio inayokula kanda isijaribiwe mara ya pili kwa kaseti ileile.

Yenye mlango mmoja wa kaseti ni salama kuliko yenye miwili. Zile za milango miwili, zilizoenea kuanzia katikati ya miaka ya 1980, zilikusudiwa kunakilishia kanda, na mitambo yake ni mingi na mara nyingi ya plastiki nyepesi. Zilizotangulia, zenye chuma kingi, ndizo zenye sura nzuri na ndizo zinazodumu. Wingi wa mabendi ya masafa mafupi usimvute mtu kulipa zaidi, kwani stesheni za huko zimepungua sana.

Chumba cha betri kifunguliwe. Kutu ya kijani au unga mweupe maana yake betri zilisahaulika ndani zikavuja. Ikiwa springi tu ndizo zilizolika, zinabadilishwa. Majimaji yakiwa yameshafika kwenye bodi na kula njia za shaba, kazi ni kubwa. Idadi ya betri nayo ina faida yake: nane za volti 1.5 hufanya volti 12, kwa hiyo redio ya betri nane inaweza kuendeshwa kwa betri ya sola, mradi chanya na hasi zisipishane.

Maandishi ya nguvu ya sauti yasiaminiwe, hasa yenye herufi PMPO. Redio ambayo kibandiko chake cha nyuma kinasema inatumia wati 25 za umeme haiwezi kutoa wati 1,000 za muziki, hata kama mbele imeandikwa hivyo kwa herufi za dhahabu. Jina la kampuni nalo lisomwe herufi kwa herufi. Zipo redio zilizoigwa ambazo herufi moja imebadilishwa, na ndani yake hakuna cha maana.

Bei haina kiwango, lakini ina mipaka. Mpaka wa juu mzuri ni bei ya spika mpya ya bluetooth yenye ukubwa unaolingana nayo Kariakoo. Redio nzima, safi, inayopiga kaseti sawasawa, inaweza kuukaribia mpaka huo, na yenye sura adimu ikauvuka. Mbovu ipunguziwe gharama yote ya matengenezo na kitu juu yake, kwa kuwa redio ya zamani ikifunguliwa kwa ugonjwa mmoja huonyesha na wa pili. Makadirio ya fundi yatafutwe kabla fedha haijatoka, na ikiwezekana kwa fundi asiye muuzaji. Mnunuzi anayeisifia redio mbele ya mwenyewe ameshaipandisha bei.

Mali iliyotumika iandikiwe karatasi: jina na simu ya muuzaji, aina ya redio, namba iliyogongwa nyuma, bei, tarehe na sahihi za wote wawili. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Kwa redio aliyoiacha mteja kwa fundi, iulizwe kama mwenyewe alitafutwa na muda gani umepita. Muuzaji anayekataa kuandika aachwe na redio yake.

Wengi mjini leo huirudisha redio kazini ili ipige muziki wa simu. Yenye tundu lililoandikwa LINE IN au AUX haihitaji kufunguliwa: waya mmoja unatosha. Isiyo na tundu hilo hufungwa bodi ndogo ya flashi na bluetooth, nayo ni kazi ya siku moja. Tatizo ni mafundi wanaong'oa mitambo ya kaseti na kutoboa uso ili bodi ikae hapo. Ubaya huo haurekebishiki, na ni hasara, kwa sababu bodi ileile inaweza kufichwa ndani, kwenye nafasi iliyo wazi nyuma ya spika.

Ikishafika nyumbani, itolewe betri isipotumika, ikae mbali na dirisha linaloingiza upepo wa bahari, na ipigwe japo mara moja kwa wiki ili mkanda usijikunje mahali pamoja. Kichwa na kigurudumu cha mpira vipanguswe kwa spirit kila baada ya kanda kadhaa, kwa kuwa kaseti za makabatini huwa na ukungu. Kaseti yenye madoa meupe pembeni ya utepe isiingizwe kabla haijasafishwa. Za dakika 60 na 90 ndizo za kutafuta. Utepe wa zile za dakika 120 ni mwembamba mno kwa mitambo iliyochoka, na ndio unaoliwa kwanza.