Fahamu: Mazda CX-5 au Subaru Forester?

Kenya hairuhusu uagizaji wa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndani ya kikomo hicho, mabishano mengi ya wanunuzi huishia kwa hizi mbili.

Kwa nguvu, CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 haina mshindani hapa: msukumo wake unapita Nm 400, ilhali Forester ya petroli ya lita 2.0 isiyo na turbo haifiki hata Nm 200. Kwenye mlima tofauti hiyo unaisikia mguuni.

Lakini dizeli hiyo ina masharti. Chujio la moshi hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Ukizoea foleni za mjini tu, masizi hujaa, na dizeli huvujia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia: kina alama ya X juu ya kiwango cha kawaida. Oili ikifika hapo, imwage mara moja. Muuzaji nadra kukutajia hili.

Forester husukumwa na magurudumu yote manne na imeinuka milimita 220, kwa hiyo matope haiyaogopi. CX-5 nyingi huvutwa na ya mbele pekee. Buti zao hazipishani sana.

Bei? Mamlaka ya mapato ya Kenya (KRA) hukokotoa ushuru kwa bei ya gari likiwa jipya, kisha hupunguza kulingana na umri. Toleo la kifahari hukufuata na kodi yake hadi bandarini. Kwa anayeishi mjini, ambako chujio la dizeli husumbua, ningependekeza CX-5 ya petroli.