Ofisi moja, meza za wote: siri yako inakaa wapi?



Wengi wenu mnaofika ofisini kwetu Baraka mmetuuliza: «Yule aliyeniandika wiki iliyopita, meza yake iko wapi?» Ni swali la haki. Zamani kila mfanyakazi alikuwa na chumba chake na jina lake mlangoni. Leo mnakuta chumba kimoja kikubwa, na watu wanakaa popote penye nafasi. Katika makala hii tunaeleza sababu ya mpango huu, faida yake kwa kazi ya amani, na hatari yake.

Meza ya wote ni nini?

Ni mpango ambao mfanyakazi hana meza yake mwenyewe. Asubuhi anachagua nafasi, na jioni anaondoa vitu vyake vyote na kuvifungia kabatini. Watu 20 wanaweza kutumia meza 12, kwa sababu hawakai ofisini wote siku moja. Aliyekwenda Mboko, Lulimba au Ubwari hahitaji kiti Baraka siku hiyo. Mara nyingine mashirika mawili au matatu hupanga nyumba moja na kugawana kodi, jenereta, intaneti, mlinzi na ukumbi wa mikutano.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Gigiri, Nairobi, Umoja wa Mataifa ulifungua Machi 2011 jengo la watumishi wapatao 1,200 wa mashirika yake mawili, la mazingira na la makazi. Ofisi zake zilipangwa kwa uwazi, bila kuta nyingi. Baadaye Umoja huo ulijiwekea lengo kwamba kufikia 2021 nusu ya ofisi zake duniani ziwe za pamoja.

Kwa nini sasa?

Oktoba 2005 wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na mashirika mengi yakaja. Watu wa mji wakazoea kuona kila shirika na parseli yake, ukuta wake na jenereta yake. Gharama hizo hulipwa kila mwezi, hata vyumba vikiwa vitupu. Mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu asilimia 70 ya fedha za msaada wa kibinadamu nchini mwetu. Mwanzoni mwa 2025 ikasimamisha sehemu kubwa ya msaada wake. Shirika likipungukiwa na fedha, ni heri lipunguze kuta kuliko kupunguza safari za kuwafikia watu.

Faida kwa amani

Hapa Fizi, mahali mtu anapokaa pana maana. Ofisi ikiwa na vyumba vingi, wageni huanza kuchagua mlango kwa kabila la aliye ndani. Mbembe anatafuta mlango wake, Mbuyu wake, Mnyamulenge wake, Mfuliru wake. Bila mtu kukusudia, ofisi ya amani inagawanyika kama kijiji kilichopigana. Kwenye meza ya wote, mgeni anawaona watumishi wa jamii mbalimbali wakiandika ripoti moja na kuchota maji ya kunywa katika chombo kimoja. Hilo peke yake halileti amani, lakini linaondoa shaka kwamba kuna mambo yanayopangwa nyuma ya mlango wa wenzetu.

Wazee wa Kibembe wanalijua jambo hili. Lubunga ilikuwa mahali ambapo wanaume wa ukoo walikaa, walikula na kukata mashauri pamoja. Mtu hakusema: hii ni pembe yangu. Lakini tukumbuke pia kwamba lubunga ilikuwa ya wanaume. Kilio cha mama kilifika pale mara nyingi kwa mdomo wa mtu mwingine. Kwa hiyo mahali pa pamoja panaweza kuwa pa wote kwa jina, huku wengine hawawezi kusema neno.

Tulivyokosea

Sisi wenyewe tulijifunza hivyo kwa aibu. Katika siku za kwanza, mama mmoja aliyehama kutoka upande wa Lulenge alikuja kutuona. Alikaa, akatazama huku na huku, akasema amekuja kusalimia tu, akaondoka. Siku ya tatu alirudi, akamwita dada mmoja wa kazi yetu nje, chini ya mti, ndipo akaeleza lililompata njiani. Katika chumba kile alikuwa amemwona mtu anayejuana na jirani zake. Tulikuwa tumehesabu meza na viti, lakini hatukuhesabu masikio.

Tunayotakiwa kufanya

Tangu hapo tunashika kanuni hizi, nanyi mnaweza kuzidai katika ofisi yoyote ya pamoja:

1. Kuwe na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, kwa mazungumzo ya siri. Wageni kwanza, mikutano ya wafanyakazi ingoje.
2. Mgeni asiulizwe sababu ya kuja mbele ya watu. Mlangoni inatosha kusema: «Nataka kuongea.»
3. Mgeni aruhusiwe kuchagua kuongea na mwanamke au mwanaume, na anayemwamini.
4. Karatasi zenye majina zisilale mezani. Funguo za kabati ziwe na watu wachache wanaojulikana.
5. Mashirika yakikaa nyumba moja, kila moja litunze orodha zake. Kugawana jenereta hakumaanishi kugawana majina ya watu.

Kanuni ya nne ina uzito zaidi wakati wa vita. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Desemba ya mwaka huo Uvira nayo ikatekwa. Ofisi inaweza kuachwa kwa saa moja. Meza zikibaki, si kitu. Orodha ya walioshuhudia mabaya ikibaki, inaweza kuwaua watu. Kwa hiyo kila jioni tufunge kazi kana kwamba kesho hatutarudi.

Ombi letu

Viongozi wa mila, wa makanisa na wa misikiti, na wawakilishi wa waliohama: mkija kwetu, ombeni kuonyeshwa kile chumba cha siri. Mkikuta kimejaa makartoni na baiskeli, tuambieni bila kuona haya. Nanyi familia zilizohama, msiogope kusema: «Hapa siwezi kuongea.» Neno hilo si matusi. Ni letu sisi kutafuta mahali ambapo mnaweza kuongea.