Mafuta yanayoganda na yasiyoganda: yapi yaende kwenye sufuria ya watoto?

Asubuhi ya baridi pale Nangwa, chini ya Mlima Hanang, mama hahitaji maabara ili ajue ana mafuta gani jikoni. Mawese na samli huganda. Ya alizeti hubaki majimaji. Tofauti hiyo ina maana hata yakishaingia mwilini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, waliwalisha vijana 39 keki za ziada kwa wiki 7. Baadhi walikula zilizotengenezwa kwa mafuta ya mawese, wengine za alizeti. Matokeo yalitoka mwaka 2014: wote waliongezeka uzito karibu sawa, lakini waliokula za mawese walijaza mafuta mengi zaidi kwenye ini.

Kwa nini ini? Insulini ndiyo homoni inayoliambia ini liache kumwaga sukari kwenye damu baada ya mlo. Ini lililojaa mafuta huwa sugu, halisikii amri hiyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na likichoka, kisukari hubisha hodi.

Sasa fikiria familia inayovuna alizeti, inauza magunia yote, kisha inarudi dukani kupimiwa mawese. Ada ya shule haisubiri, tunajua. Lakini dumu la kubaki nyumbani lifikiriwe kabla gunia la mwisho halijapakiwa.

Wapo wanaosema omega-6 iliyo kwenye alizeti huleta uvimbe wa ndani, yaani kinga ya mwili kuwa vitani bila adui. Majaribio kwa binadamu hayajaonyesha hivyo. Kinachopungua kwenye sahani zetu za mbali na ziwa ni omega-3, na dagaa wanaweza kusaidia kuziba pengo hilo.

Uvimbe huo unaweza kuanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa KCMC, Moshi, na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha mwaka 2025 utafiti wa wanaume 77 wenye afya. Waliohamishwa kutoka vyakula vya asili vya Kilimanjaro kwenda vya kisasa vilivyosindikwa walionyesha dalili za uvimbe kwenye damu ndani ya wiki 2. Waliofanya kinyume chake, zilipungua. Chakula chote kilibadilishwa, si mafuta pekee, hivyo mbaazi na mboga za majani nazo zina sehemu yake.

Alizeti nayo si ruhusa ya kumimina. Wale waliokula keki za alizeti nao walinenepa! Pima kwa kijiko, usikadirie kwa macho. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mandazi hadi yakawa meusi, yamwagwe. Kuyarudisha jikoni kesho kunaharibu uzuri wake wote.

Mtoto wa chini ya miaka 2 asipunguziwe mafuta, kwani ubongo wake unayahitaji ili ukue. Kwake, kijiko kidogo cha alizeti kwenye uji kinafaa.