Jina halipo, maombi yanaendelea

Katika karibu kila tangazo la kuitwa kazini linalotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, huwa kuna aya moja fupi. Inawaeleza wale ambao majina yao hayamo kwamba hawakupata nafasi, na kwamba wasisite kuomba tena nafasi nyingine zitakapotangazwa. Ni mistari michache ya lugha ya kiofisi, na wengi huiruka ili wawahi kutafuta majina. Lakini ndiyo inayowahusu watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya tangazo hilo.

Takwimu zinaonyesha ni wengi kiasi gani. Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijaa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakifanya mtihani wakiwa wamekalia viti vya mashabiki wa soka. Walikuwa wanawania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwanzoni mwa 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi 135,027, yaani takriban watu 85 kwa kila nafasi moja. Kwa upande wa walimu, ambao usaili wao ulianza Januari 2025, waombaji 201,707 waligombea nafasi 14,648. Hiyo ilionekana nafuu, lakini bado ni watu karibu 14 kwa kiti kimoja. Hata kama wote 14 wangekuwa walimu hodari wenye vyeti safi, 13 wangerudi nyumbani.

Hesabu hizo huwa nzito zaidi zikifika Kisaki.

Kisaki ni kata ya Wilaya ya Morogoro, kusini mwa Milima ya Uluguru, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ni nchi ya mpunga, ufuta na mahindi, na ya wakulima wanaokesha shambani msimu ambao tembo wanatoka hifadhini. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ina stesheni hapo. Treni yake yaweza kumfikisha abiria Dar es Salaam upande mmoja, au Mbeya na hatimaye Kapiri Mposhi nchini Zambia upande wa pili. Haifiki Morogoro mjini wala Dodoma, na hiyo ndiyo miji ambayo mtafuta ajira wa Kisaki anaihitaji zaidi.

Kwa hiyo hubaki barabara. Kutoka Kisaki hadi Bigwa, mlango wa Morogoro mjini, ni zaidi ya kilomita 130, ikipita Dutumi, Mvuha, Matombo, Mkuyuni na Kiroka huku ikiizunguka milima kwa upande wa mashariki. Mvua za masika zikikolea, safari ambayo ingekuwa ya saa chache huweza kumaliza siku. Msailiwa anayetakiwa kuripoti saa moja asubuhi hana budi kuondoka kwao jana yake, atafute pa kulala, anunue chakula, kisha abaki na nauli ya kurudi. Barua za kuitwa kwenye usaili husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, malazi na chakula. Kama usaili unafanyika Dodoma, gharama hiyo huongezeka hata mara mbili.

Tarehe nazo zina maana yake kwa familia ya mkulima. Usaili wa walimu wa 2025 ulianza katikati ya Januari na kuingia Februari, majira ambayo mbegu ziko ardhini, ghala limepungua na mavuno yangali mbali. Fedha ya nauli wakati huo haitoki kwenye mauzo ya ufuta. Hutoka kwenye mkopo, kwa shangazi, au kwenye kuku na mbuzi waliokusudiwa kazi nyingine. Mtihani wa kwanza ukoo mzima huchanga kwa furaha. Wa pili huchangwa kwa matumaini. Kuanzia wa tatu, kijana huanza kuona haya hata kutaja kwamba ameitwa.

Kabla ya safari kuna kazi ya makaratasi, na hapo ndipo wengi huanguka bila hata kuona swali moja. Maombi yanayosimamiwa na Sekretarieti hupitia mfumo wake wa ajira kwenye intaneti. Vyeti hutolewa kwenye bahasha ya kaki na kuwekwa juu ya kaunta ya steshenari kimoja kimoja: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo. Kila kimoja hupitishwa kwenye skana, kikapunguzwa ukubwa, kikapandishwa kwenye mfumo. Barua ya maombi lazima iwe imesainiwa. Hati za matokeo ya muda hazikubaliki badala ya vyeti halisi. Na kama cheti cha kuzaliwa kimeandikwa jina kwa herufi moja tofauti na la shuleni, mwombaji anahitaji hati ya kisheria ya kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni yake. Jambo la dakika kumi kwa anayeishi jirani na wakili huweza kuwa la siku mbili kwa anayetoka Kisaki.

Haikuwa hivi siku zote. Mkoa huohuo wa Morogoro ndiko ilikoanzishwa mwaka 1953, pale Mzumbe, shule ya kuwafundisha watendaji wa serikali za mitaa, ambayo baadaye ilikuja kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo na hatimaye Chuo Kikuu Mzumbe. Kwa miongo mingi baada ya uhuru, wasomi walikuwa wachache na ofisi zilikuwa nyingi. Kwa mwalimu hasa, kumaliza chuo kulimaanisha kusubiri kupangiwa kituo. Sekretarieti ya Ajira ilitokana na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 ilivyorekebishwa mwaka 2007, kwa lengo la kuwaweka waombaji wote kwenye mizani moja. Baadaye, mwaka 2016, ajira mpya serikalini zilisimama kupisha uhakiki wa watumishi. Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wakati ukaguzi huo ukiendelea, vyuo havikusimama. Kila mwaka vilitoa wahitimu wapya waliojipanga nyuma ya wale wa mwaka uliotangulia.

Ndiyo maana walimu walipoambiwa wafanye usaili, si wote waliopokea kwa moyo mkunjufu. Umoja wa Walimu Wasio na Ajira Tanzania, unaofahamika kama NETO, ulijitokeza mwanzoni mwa 2025 ukiwasemea waliohitimu kati ya 2015 na 2023. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu aliyefaulu chuo, kisha akasubiri miaka minane au tisa bila kosa lake, hapaswi kupimwa tena sawa na aliyetoka darasani jana. Hoja hiyo ina uzito. Mwalimu aliyehitimu 2015 na akarudi kulima mpunga hajapoteza akili, bali amepoteza mazoezi, na mazoezi ndiyo yanayopimwa kwenye karatasi ya saa moja. Serikali nayo ina hoja yake: nafasi zikiwa 14,648 na waombaji zaidi ya 200,000, lazima kuwe na njia ya kuchagua, na mtihani ni bora kuliko simu ya mjomba.

Katikati ya hoja hizo mbili yupo mtu ambaye jina lake halikuonekana.

Kitu cha kwanza ambacho mtu huyo anapaswa kukijua ni namna mchujo unavyofanya kazi. Usaili una hatua: mtihani wa kuandika, kwa baadhi ya kada mtihani wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Kuvuka alama ya kufaulu hakumhakikishii mtu hatua inayofuata, kwa sababu wanaoendelea ni wale wa juu kulingana na idadi ya nafasi. Vilevile, aliyefaulu mahojiano lakini nafasi zikaisha huhifadhiwa kwenye kanzidata kwa muda maalumu, na matangazo mengi ya kuitwa kazini hujumuisha majina yaliyotoka huko. Mtu anaweza kuitwa miezi kadhaa baadaye kwa usaili aliokwishaukatia tamaa. Kwa hiyo anayejiita mjinga kwa kukosa alama mbili katika kundi la watu 85 anajihukumu kwa kosa lisilokuwepo.

Lakini ukweli huo una upande wa pili, na wanaofanikiwa baada ya kukosa mara kadhaa huuzingatia. Kurudia usaili kwa maandalizi yaleyale huleta matokeo yaleyale. Msailiwa anayeendelea huanza kwa kujiuliza aliishia wapi. Kama jina halikutoka hata kwenye orodha ya walioitwa, tatizo liko kwenye nyaraka au sifa, na kusoma usiku kucha hakutalitatua. Aliyeangukia kwenye mtihani wa kuandika anahitaji vitabu na muda. Na yule aliyevuka akaishia kwenye mahojiano anachohitaji ni watu wa kumuuliza maswali kwa sauti, wamkatize, wamsikilize anavyojibu akiwa na hofu.

Kwa mwalimu, mfano mmoja unatosha kuonyesha tofauti hiyo. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, ukifuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Ndani yake kuna mambo ambayo mhitimu wa 2016 hakuyakuta chuoni, ukiwamo mkondo wa amali kwa shule za sekondari. Anayeingia kwenye chumba cha usaili na madaftari ya chuo peke yake anajibu maswali ya leo kwa majibu ya juzi. Anayejitolea kufundisha kwenye shule ya kijijini kwake, hata kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi, anaushika mtaala mpya mkononi kila asubuhi. Shule nyingi za vijijini zinawahitaji watu hao, nao wanazihitaji.

Kuna pia mafunzo kutoka nje ya ualimu. Oktoba 2022 nchi ilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, ni 26 tu waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 walifeli kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu wengi wakifeli kwa pamoja, ni haki kuuliza pia kuhusu mafunzo na mtihani, si kuhusu watahiniwa peke yao. Hata hivyo, wale 342 hawakuweza kusubiri kamati imalize kazi. Ilibidi warudi kwenye vitabu vyao.

Nchini India, ambako usaili wa utumishi wa juu huvuta maombi takriban milioni moja kwa nafasi zipatazo elfu moja, mtahiniwa wa kundi la kawaida huruhusiwa kujaribu mara sita tu, na asizidi miaka 32. Tanzania haiweki ukomo wa idadi ya majaribio. Matangazo mengi huweka umri usiozidi miaka 45. Aliyehitimu akiwa na miaka 25 ana miaka 20 ya kuomba, na hiyo ni neema ambayo yaweza pia kuwa mtego, kwani miaka 20 ni mingi mno kuiishi mtu akisubiri faili la PDF. Hivyo shamba liendelee kulimwa kwa moyo, si kama adhabu ya kukosa ajira. Kikundi cha vijana chenye usajili kina haki ya kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia nne ni za vijana. Kwa watu wa Kisaki, ofisi za halmashauri yao ziko Mvuha, na safari ya huko ni fupi kuliko ya Dodoma.

Jambo moja liogopwe kuliko kufeli: tapeli. Kila msimu wa usaili hujitokeza watu wanaodai kuwa na koneksheni na kuomba fedha ili jina liingie kwenye orodha. Sekretarieti imeonya mara nyingi kwamba ajira hazilipiwi. Aliyekosa mara tatu au nne ndiye anayewindwa zaidi, kwa sababu uchungu wake unajulikana.

Serikali tayari imeonyesha kwamba mzigo wa umbali unaweza kupunguzwa. Usaili wa walimu ulifanyika mikoani, kila mmoja katika mkoa wa makazi aliyojaza kwenye mfumo, na kwa baadhi ya kada mtihani wa mchujo umeanza kufanywa kwa kompyuta. Hatua inayofuata iwe wilayani. Kukiwa na chumba chenye kompyuta na mtandao wa uhakika pale Mvuha, kijana wa Kisaki atafanya mchujo na kurudi nyumbani bila kuuza mbuzi, na nauli yake ataitunza kwa ajili ya mahojiano. Halmashauri, Sekretarieti na wabunge wa Morogoro walichukue jambo hili kama hoja ya bajeti.

Na wewe ambaye jina lako halikutoka safari hii, ingia kwenye akaunti yako ya mfumo wa ajira wiki hii, wala usingoje tangazo jipya. Hakiki anwani ya makazi, majina na vyeti. Andika pembeni maswali uliyoyakumbuka kutoka chumba cha usaili kabla hayajapotea, kisha tafuta wenzako wawili au watatu wa kusoma nao.