Tumbo la Mtoto wa Sokwe Hujazwa na Jamaa Zake

Wakazi wa Kampala wanakijua Chuo Kikuu cha Makerere kwa kilima chake. Wachache wanajua kwamba chuo hicho kina kituo cha utafiti Kanyawara, katika msitu wa Kibale karibu na Fort Portal, ambako sokwe wamefuatiliwa tangu 1987. Kinyesi walichookota watafiti huko kimesaidia kujibu swali hili: mnyama wa porini huwapata wapi bakteria wanaoishi utumboni mwake?

Bakteria wa kwanza huingia wakati wa kuzaliwa, kisha kutoka kwenye chuchu, manyoya na mikono ya mama. Kichanga wa binadamu anayenyonya huwa na aina chache tu, nyingi zikiwa zile zinazomeng'enya sukari za maziwa. Aina huongezeka akianza kula, na akifika miaka mitatu hivi tumbo lake linakaribia kufanana na la mtu mzima. Kwa sokwe wa Kanyawara haikuwa hivyo. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa hata watoto wa chini ya miaka 2, wangali wakinyonya, tayari wana bakteria wa aina nyingi. Kwangu hilo linaeleweka ukimtazama mtoto huyo: yuko mwilini mwa mama usiku na mchana, anaonja anachotafuna mama, anashikwa na jamaa, anatia majani na udongo mdomoni.

Tena si mama peke yake. Huko Gombe, Tanzania, utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa wakati wa mvua, sokwe wanapokaa pamoja zaidi, kila mmoja huwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Nao watoto hawakufanana zaidi na mama zao kuliko walivyofanana na wakubwa wengine. Kwa nyani wa Amboseli, Kenya, wanaochambuana manyoya mara kwa mara ndio wanaofanana zaidi matumboni. Ndama wa tembo hula hata kinyesi cha wakubwa, maana pasipo bakteria hao majani makavu hayamfai kitu.

Lakini ujirani huo unaopitisha bakteria haubagui spishi, na hapa ndipo ninapopata hofu. Mwaka 2008 Innocent Rwego wa Makerere na wenzake walilinganisha bakteria aina ya E. koli kutoka kwa watu, mifugo na gorila wa milimani kule Bwindi, Uganda. Gorila waliokutana zaidi na watu na mifugo ndio waliokuwa na bakteria waliofanana zaidi na wale wa watu na mifugo hao. Na asilimia 17 hivi ya bakteria wa gorila walihimili angalau dawa moja ya kuua bakteria kati ya zinazotumiwa na wanavijiji, ilhali gorila hao wanaishi msituni, mbali na kaunta ya duka lolote la dawa.